Hakuna hatua zaidi inayohitajika

Saa saba kasoro robo usiku skrini ilinipa sentensi niliyokuwa nikiingojea tangu jioni. Asilimia zilikuwa zimekwama kwenye 11 karibu saa nzima, zikaruka hadi 27, zikakwama tena, kisha zikatiririka mpaka 100 kama bomba lililozibuka. Halafu maandishi meupe: mfumo wa mafaili umefanyiwa marekebisho, hakuna hatua zaidi inayohitajika.

Nilinyoosha mgongo, nikazima taa ya mezani, nikaenda kulala nikijiona fundi.

Siku ya nne binti yangu alikuja akaegemea kiti changu. "Baba, niwekee zile za zamani. Zile nilizokuwa sijui kuongea." Ana miaka 9, na sauti yake ya utotoni inamchekesha kuliko katuni yoyote. Nikafungua diski ya pili, nikaingia kwenye folda ya Sauti.

Rekodi 19.

Zilitakiwa kuwa 240.

"Zingine ziko wapi?" Nikamwambia kompyuta imechoka, aje kesho. Uongo mdogo, lakini nao niliubeba.

Wiki sita zimepita, na rekodi nyingi zimerudi kwa njia nitakayoisimulia. Kinachoniamsha usiku ni ile sentensi. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta uongo ndani yake nisiuone. Marekebisho yalifanyika kweli. Na kwa upande wa kompyuta, hatua zaidi kweli haikuhitajika.

## Mganga hajigangi

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kupigiwa simu. "Mjomba, imegoma." "Kaka, imeandika kitu cha ajabu, nibonyeze ndiyo au hapana?" Huwa najibu kwa sauti ya daktari aliyeamshwa usingizini: usibonyeze kitu, izime, nakuja. Shemeji yangu niliwahi kumgombeza mbele ya watu kwa kukubali kufomati diski kisa kompyuta ilimwambia haitasomeka mpaka ifomatiwe. Nikamwuliza, na wewe ukiambiwa nyumba haifunguki mpaka ichomwe, utaenda kutafuta kiberiti?

Kwa hiyo dalili zilipoanza kwangu, nilizijua kwa majina. Kompyuta inaganda sekunde kumi, kisha inaendelea kama hakuna kilichotokea. Diski ya pili inatoweka kwenye orodha. Ukizima na kuwasha, inarudi. Video inafunguka leo, kesho inasema imeharibika, keshokutwa inafunguka tena. Mwishowe ukaja ujumbe kwenye kona ya skrini: diski ina hitilafu, bofya hapa ikaguliwe na kutengenezwa.

Nikabofya.

Nilikwenda mbali zaidi ya hapo, maana kitufe kilimaliza haraka mno na mimi sikuridhika. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika chkdsk na herufi r mwishoni, ile inayoiagiza programu ipite diski nzima, sekta baada ya sekta, isome kila mahali na kurekebisha inachokikuta. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu angenipigia simu na dalili zilezile, ningemzuia kwa ukali asithubutu kuandika amri hiyo kabla hajanakili vitu vyake. Kwangu mwenyewe sikupiga simu.

## Ufa

Nimelelewa na methali ya ufa kama ninyi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nimeisikia ikihusu meno, paa, deni, hata ndoa, na kila mara ilikuwa inamsuta mtu mzembe. Haikuwahi kunijia akilini kwamba inaweza kumponza mtu mwenye bidii.

Maana methali inazungumzia ukuta tu. Haisemi lolote kuhusu vyombo vilivyomo ndani. Mtu mwenye akili timamu akiona ukuta umeanza kuachana, anatoa kwanza watoto na vyombo nje, ndipo anaita fundi. Mimi nilianza na saruji.

Nadhani kilichonivuta ni ile raha ya kuona asilimia zikipanda. Diski ikiugua, kukaa bila kuigusa kunaonekana kama kumtazama mtu akizama. Ukianzisha programu ya kutengeneza, unapata namba za kutazama, unapata sauti ya diski ikichapa kazi, moyo unatulia. Nilikuwa najitibu wasiwasi. Diski ilikuwa dawa yangu tu.

## Ghala na daftari lake

Hapa ndipo nilipokaa wiki nzima, na mniwie radhi nikikaa tena.

Wengi wetu tunazungumza kana kwamba faili ni kitu kimoja. Ndani ya diski ni vitu viwili. Kuna mzigo wenyewe, yaani zile baiti za sauti au picha, zimelala kwenye vipande vidogo viitwavyo sekta: baiti 512 kwa diski za zamani, 4,096 kwa nyingi za sasa. Na kuna daftari, sehemu nyingine kabisa, linaloandika kwamba mzigo wa jina fulani uko rafu fulani mpaka fulani. Mfumo wa mafaili ni daftari hilo pamoja na kanuni zake. Unapofuta faili kwenye diski ya sahani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, mzigo kwa kawaida hauguswi. Rafu zinaandikwa tu kwamba ziko wazi, mpaka siku mzigo mwingine utakapoletwa na kuwekwa palepale.

Sasa mwite mtunza ghala aje kukagua daftari lililoraruka. Kazi aliyopewa ni moja: daftari na rafu vikubaliane. Akikuta mzigo usio na mstari kwenye daftari, anaupeleka kona ya vitu visivyo na mwenyewe. Akikuta mstari wenyewe umechafuka hausomeki, anaukata, na rafu zake anaziandika wazi. Baada ya hapo daftari ni safi, hakuna ubishi, ghala linaweza kuendelea kupokea mizigo. Anafunga daftari na kusema kazi imekwisha.

Kazi imekwisha kweli. Mtunza ghala hakuambiwa kwamba ule mzigo uliokuwa kwenye mstari uliochafuka ni sauti ya mtoto wa miaka miwili.

Chkdsk kwenye Windows hufanya kazi hiyo, na fsck kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, vilevile. Hata ile kumbukumbu ya mabadiliko (journal) ambayo mifumo ya mafaili kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux huitunza ili umeme ukikatika ghafla mambo yasivurugike, kwa mpangilio wake wa kawaida hulinda daftari. Mzigo haumo kwenye mkataba. Nilikuwa nikiyajua haya yote. Ningeweza kuyaandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Kuyajua hakukuzuia kidole.

Baadaye nilikwenda kusoma taarifa ya ukaguzi ule, ambayo kompyuta huitunza kwenye kumbukumbu za matukio ambako watu hawaingii bila shida. Mistari ilikuwa inajirudia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na namba yake: inafuta rekodi ya faili iliyoharibika, inafuta rekodi ya faili iliyoharibika, inafuta. Nilisoma mpaka macho yakauma. Mstari mmoja kwa kila rekodi ya sauti. Usiku ule, wakati mimi natazama asilimia zikipanda, hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika.

Na siku nne nilizoitumia kompyuta baada ya hapo, kwa sababu si niliambiwa hakuna hatua zaidi? Mafaili ninayoyapakua kwenye intaneti huingia diski ya pili. Nilikuwa napanga mizigo mipya juu ya rafu zilizoandikwa wazi.

## Niliyekuwa namlaumu

Kabla sijagusa chochote tena, nilikuwa tayari nimeshaiandikia diski ile tanzia. Ina miaka saba. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na juu ya sahani vinaelea vichwa vya kusomea kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mashine ya namna hiyo ikifanya kazi miaka saba bila kuguguna sahani zake, unapaswa kuishukuru na kuipa pumziko. Nilishaanza hata kuizungumzia kwa wakati uliopita.

Nikaizima kompyuta, nikaiwasha kutoka kwenye flashi yenye Linux ili diski yenyewe isiandikwe kitu, nikaomba taarifa zake za SMART kwa amri ya smartctl. Hizi ni kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Orodha ni ndefu na nyingi ya namba zake zinatisha bila sababu, kwa hiyo mimi huangalia chache.

Ya kwanza ni namba 5, sekta ambazo diski imezikatia tamaa na kuzihamishia kwenye akiba yake. Nilitarajia mamia.

Sifuri.

Kisha 197, sekta zinazosubiri hukumu. Hii ndiyo huwa inanishangaza kila nikiifikiria. Diski ikishindwa kusoma sekta, haiitupi papo hapo. Inaiandika kwenye orodha ya zinazosubiri, kwa matumaini kwamba huenda siku moja itasomeka. Kinachomaliza shauri hilo mara nyingi ni kuandika kitu kipya juu yake. Ikipokea maandishi mapya vizuri, inasamehewa, ikishindwa, inahamishwa. Kwa vyovyote vile, namba inashuka, diski inaonekana imepona, na kilichokuwemo kimekwenda. Diski hupona kwa kukubali kusahau.

Kwangu nayo ilikuwa sifuri.

Hapo nilianza kujitetea. Kuna utafiti wa watu wa Google uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Lakini upande wa pili wa utafiti huohuo ndio nilioushikilia: zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Dalili ya mvua ni mawingu, tunasema. Zaidi ya nusu ya mvua hizi zilinyesha kwenye anga jeupe. Basi na yangu, nikajiambia, ni ya kundi hilo. Inakufa kimyakimya.

Nikashuka mistari miwili.

Namba 199: 1,846.

Namba hiyo haihusu sahani wala vichwa. Inahesabu mara ambazo data ilikaguliwa ikiwa njiani, kati ya diski na kompyuta, ikakutwa haiko kama ilivyotumwa. Ikipanda wakati nyingine zote ni sifuri, mshukiwa wa kwanza ni waya. Kawaida kosa la namna hii hukamatwa na data hutumwa upya, ndiyo maana kompyuta huganda sekunde kadhaa kisha ikaendelea. Yakizidi, mawasiliano hukatika kabisa, diski hutoweka kwenye orodha, na lililokuwa linaandikwa wakati huo hubaki nusu.

Nilikaa nikiitazama ile namba kama mtu aliyetajwa jina mahakamani.

Maana nilikumbuka. Wiki chache kabla, nilifungua kifuniko cha kompyuta ili nifute vumbi kwenye feni. Nilisogeza nyaya ili brashi ipite. Nilizirudisha, nikafunga, nikafurahi jinsi feni ilivyotulia.

Nilifungua tena kifuniko. Waya wa SATA, ule unaopitisha data kati ya diski ya pili na kompyuta, ulikuwa umekunjwa kwa pembe kali kama karatasi, na kichwa chake kimeingia upande mmoja tu, upande wa pili kinaning'inia. Niliugusa kwa kidole, ukacheza.

Diski ilikuwa nzima.

Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mimi niliulegeza waya, kisha nikaiamuru programu ipite diski nzima na kuandika marekebisho kupitia waya huohuo uliolegea.

## Kutofanya

Nikichora sasa ramani ya nilichopaswa kufanya, hatua za mwanzo zote ni za kutofanya. Kutobofya. Kutoandika chochote kwenye diski hiyo, hata programu ya kuokoa mafaili yenyewe. Kuzima. Kusoma namba bila kugusa. Kushika waya, ambao ni kitu rahisi kuliko vyote ndani ya sanduku lile. Jambo la kwanza lenye jina la kitendo ni kunakili diski nzima kwenda nyingine, halafu kila ujanja ufanyiwe nakala.

Niliufanya mwendo huo siku ya tano, nikiwa nimeshachelewa. Waya mpya, diski nyingine yenye nafasi, na ddrescue. Naipenda programu hii kwa tabia yake. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka sehemu zinazosumbua, inaziandika kwenye ramani, kisha inazirudia mwishoni polepole. Ukiizima katikati, kesho inaendelea ilipoishia. Kwa diski iliyogongwa kweli kweli, tofauti kati ya tabia hiyo na programu inayong'ang'ania sekta moja bovu dakika nzima inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupata vitu na kukosa. Yangu haikuwa na sekta bovu hata moja. Terabaiti 1 ilipita kwa saa tatu hivi, kosa sifuri, na kila dakika iliyopita bila kosa ilinichoma zaidi.

(Katika siku hizo nilishauriwa na watu wanaonipenda niigandishe diski kwenye friji. Hapana. Ikitoka humo inatokwa na unyevu, na unyevu juu ya sahani zile ni kifo. Mwingine akasema niifungue nione. Chembe moja ya vumbi ni mlima kwa kichwa kinachoelea nanomita chache, ndiyo maana mafundi wa kazi hiyo huzifungulia kwenye vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Wa tatu alipendekeza nibadilishe ubao wa umeme wa chini kwa ubao wa diski inayofanana nayo. Diski nyingi hutunza kwenye ubao wao vipimo vya vichwa vyake zenyewe, hivyo ubao wa jirani hauzielewi sahani zisizo zake. Na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyesema: angalia waya. Wala mimi sikuwa nimesema.)

Kwenye nakala nilianza na ile kona ya vitu visivyo na mwenyewe. Folda ya found.000, imefichwa, na ndani yake mafaili yenye majina ya kijeshi: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Nikayabadilisha mwisho wa majina kuwa mp3 na kuyajaribu moja moja. Mengine yalikuwa takataka. 37 yaliimba.

Kisha nikaiachia kazi PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili ambayo hailiangalii daftari kabisa. Inapita rafu kwa rafu ikitafuta maumbile ya faili: mp3 inaanza hivi, picha inaanza vile. Hapo nilishukuru kwamba diski ni ya sahani. Ingekuwa SSD, diski isiyo na sahani, mfumo ungeshaiarifu kwamba rafu hizo ziko wazi, na SSD kwa kawaida hujisafishia rafu zake mapema ili iandike haraka baadaye. Nisingekuta hata vumbi.

Nilikuta 151.

Piga hesabu nami, maana mimi nimeipiga mara nyingi: 221 zilizopotea, toa 37, toa 151. Zimebaki 33.

## Gali

PhotoRec haiwezi kurudisha majina. Majina yalikuwa kwenye daftari, na mstari ulikatwa. Kila faili lilikuja likiitwa herufi f na namba ndefu, na namba hiyo ni sekta ambayo faili lilianzia. Yaani jina lake jipya ni mahali lilipokuwa limelala. Kinasa sauti nilichotumia hakikuandika tarehe ndani ya mafaili, na tarehe za nje nazo zilikwenda na daftari. Nilibaki na sauti 188 zisizo na siku.

Nilianza kuzipanga kwa namba za sekta, kwa dhana kwamba zilizonakiliwa mapema zimelala mwanzoni. Dhana ilifanya kazi kidogo, kisha ikavunjika: mtoto wa mwaka mmoja na nusu akafuatwa na mtoto anayebishana kuhusu kuoga.

Basi nikavaa vipokea sauti na kusikiliza.

Usiku wa pili niligundua kwamba binti yangu mwenyewe alikuwa ameacha tarehe. Kuna rekodi anazosema "gali", "lafiki", "habali". Kuna kipindi kifupi r na l zinagombana: "gari" ikimponyoka sahihi, halafu sentensi hiyohiyo "gali" inarudi. Kisha r inashinda na haiondoki. Nilikuwa na mhuri wa kwanza.

Ngeli zikanipa mihuri mingine. Mwanzoni kila kitu ni "yangu": kiti yangu, kitabu yangu, mkono yangu. Siku fulani "changu" ikaingia, akaipenda, akaipaka kila mahali, mpaka mama yake akawa "mama changu". Wingi ulichelewa zaidi. "Viti mbili" ilidumu muda mrefu kuliko nilivyokumbuka, na siku aliyosema "viti viwili" nilikuwa nimemrekodi bila kujua kwamba kuna lolote limetokea. Kwenye rekodi mimi nasikika nikimwambia avae viatu.

Sikuwahi kusikiliza rekodi hizi kwa mfululizo. Miaka yote zilikaa kwenye folda iliyopangwa vizuri kwa tarehe, na sikuzisikiliza hivyo hata mara moja. Sitaki kugeuza hasara kuwa baraka. Ningezirudisha zile 33 leo hii kwa kubadilishana na kila nilichokigundua, nisingefikiri mara mbili. Nasema tu nilivyozisikia.

Kuna moja ninayoitafuta. Anahesabu, anafika tano, anaruka sita, anaendelea na saba kwa kujiamini kama mwalimu. Nimesikiliza zote 188 na zile 19, haimo. Kuna usiku nawaza huenda haikuwahi kurekodiwa, nilimsikia tu, na kichwa changu ndicho kilichoiweka kwenye folda.

Binti yangu alikuja siku moja akanikuta nimevaa vipokea sauti, akakivuta kimoja na kukiweka sikioni mwake.

"Baba, huyu ni nani?"

"Wewe."

"Mwongo." Akasikiliza tena. "Anasema *gali*."

"Wewe ndiye uliyekuwa unasema gali."

Akakaa chini na kuomba nyingine. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba kompyuta haikuwa imechoka siku ile. Nilimwambia kwamba nilizifuta kwa bahati mbaya nikidhani natengeneza. Akauliza swali moja tu: "Sasa kwa nini hukuuliza kwanza?"

Nimwulize nani, nilitaka kusema.

## Ambacho bado kinanisumbua

Inawezekana mistari ya daftari ilikuwa imeshararuka kabla sijabofya. Diski ilikuwa ikitoweka katikati ya maandishi kwa siku kadhaa; huenda programu ilikuta maiti na kuizika tu. Rafiki yangu anayezijua kazi hizi aliniambia nijisamehe kwa hoja hiyo. Ni hoja nzuri. Ila hata kama mistari ilikuwa imeraruka, sauti zenyewe zilikuwa bado ziko kwenye rafu, zote 221, na mtu ambaye angezima na kuanza na nakala angezikuta rafu zikiwa hazijaguswa. Siku nne za kupakua mafaili hazimo kwenye utetezi wa rafiki yangu. Alipofika hapo alibadilisha mazungumzo.

Kuhusu nakala za akiba, msinihubirie. Picha nilikuwa nazo sehemu mbili. Sauti nilisema ni ndogo, nitazinakili mwisho wa wiki. Sasa ziko sehemu tatu, moja ikiwa nje ya nyumba, na najua inavyoonekana mtu anapofunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka.

Diski ileile bado naitumia. Watu wanashangaa. Haina kosa, kwa nini niitupe? Kila Jumapili naiomba namba zake. Ile ya 199 huwa hairudi nyuma hata ukibadilisha waya; inakaa ilipofikia kama kovu, na unachotazama ni kama imesogea.

Jumapili ya kwanza ilikuwa 1,846. Jana ilikuwa 1,846. Kisha nikafungua kifuniko, sina sababu, nikaubonyeza waya kwa kidole gumba mpaka nikasikia ule mlio mdogo unaokuambia umeingia, ambao nilikuwa nimeshausikia Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake.